Mashali wa mahafali ni nani, na kwa nini atangulie?

Mhadhiri mmoja kijana wa hapa Mombasa ameniandikia. Mkuu wa kitivo chake amempa barua ya kumteua awe mmoja wa mashali katika mahafali yajayo, pamoja na joho la kuazima, kifimbo na ratiba ya kurasa kadhaa. Mwenzake wa ofisini akamtania kwamba amefanywa bawabu wa kuonyesha watu viti. Anauliza: mashali ni nani hasa, cheo hiki kimetoka wapi, na siku ikifika afanye nini asije akaaibika mbele ya chansela na umati wa wazazi?

Mwalimu, kwanza hongera. Kuonyesha watu viti kumo ndani ya kazi yako, wala si kazi ya kuionea haya. Lakini barua hukuandikiwa kwa ajili ya viti. Majengo ya chuo kikuu mtu huyaona akipita mtaa wa Tudor, na wanafunzi wake huwaona kwenye matatu. Yale mamlaka yake ya kumtamkia mtu kwamba kuanzia leo ana shahada, hayo hayana umbo. Hupata umbo mara moja au mbili kwa mwaka, pale watu wanapopanga mstari, kila mmoja mahali pake, wakatembea mbele ya macho ya wazazi. Mstari ule ndio chuo chenyewe, na mwenye kuuweka sawa ni mashali.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inamfanya chansela kuwa kichwa cha chuo na kumpa kazi ya kutunuku shahada kwa jina la chuo. Kwa hivyo hawezi kuingia uwanjani peke yake, akashika maikrofoni na kuanza kutunuku. Lazima chuo kiwepo kwanza. Wahitimu wataketi mapema, wahadhiri wataingia kwa vitivo vyao, seneti itafuata, kisha baraza la chuo na naibu chansela, halafu rungu la chuo, alama ya mamlaka yake, likiwa begani kwa mbebaji, na nyuma ya rungu chansela, wa mwisho kabisa. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya chuo na chuo, kwa hivyo ratiba uliyopewa ndiyo ya kufuata. Msingi haubadiliki: kuingia, wadogo hutangulia na wakubwa hufuata, kutoka, mkubwa hutangulia. Rungu likishalazwa mbele ya chansela, naye akatangaza kwamba mkutano umefunguliwa, kila kinachotamkwa baada ya hapo kina nguvu. Kabla ya hapo ni watu tu waliovaa majoho.

Ukiliona hilo, utaona pia kwamba wewe unayetangulia mbele ya kitivo chako si mmoja wa wakubwa. Watangulia kwa sababu umebeba dhamana ya walio nyuma yako. Siku hiyo profesa aliyekufundisha atasimama ukimwambia asimame, na ataketi ukimwambia aketi, na baada ya saa mbili utarudi kumwamkia kama kawaida.

Sasa asili yake. Huko Bologna, Italia, mji ambao chuo chake huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1088, walikuwapo watumishi walioitwa mabideli. Walitangaza darasani siku za masomo na siku za mapumziko, na mkuu wa chuo alipopita mjini walimtangulia na fimbo mkononi. Watumishi kama hao wakaenea katika vyuo vya Ulaya, na kwao ndiko walikotoka mashali na mbeba rungu wa leo. Rungu lenyewe lilikuwa silaha, chombo cha walinzi wa wafalme, kabla ya mafundi kulifua kwa fedha na kulifanya alama. Chuo cha St Andrews huko Scotland bado kinalitunza rungu la fedha iliyopakwa dhahabu, lililofuliwa Paris mwaka 1461 kwa agizo la Askofu James Kennedy. Cambridge nao wana marungu matatu waliyopewa mwaka 1626 na chansela wao, George Villiers, Duke wa Buckingham.

Oxford ndiko kunakoonyesha wazi zaidi kwamba kazi hii ilikuwa na meno. Mashali wa kule alikuwa mkuu wa polisi wa chuo. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1825 iliviruhusu vyuo kuwa na makonstebo wao, na wale wa Oxford, waliovaa kofia nyeusi za mviringo na kuitwa mabuldogi na wanafunzi, walikuja kuvunjwa mwaka 2003 tu. Yaani mpaka juzi, mtu aliyeongoza msafara wa heshima mchana ndiye aliyekuwa na askari wa kuwakimbiza wanafunzi walevi usiku. Mimi naona hilo linafaa kukumbukwa. Heshima ya mahafali haikuanza kama maonyesho. Ilianza kama utulivu unaolindwa.

Marekani wana kumbukumbu ya jambo hilo hilo. Mahafali ya kwanza ya Harvard, mwaka 1642, yalikuwa na wahitimu tisa, lakini kadiri miaka ilivyopita sherehe ile ikageuka kuwa sikukuu ya mji mzima, na fujo haikukosa. Hadi leo sherifu wa kaunti ya Middlesex hupanda jukwaani, akagonga sakafu kwa fimbo yake mara tatu, akaamuru mkutano utulie, ndipo shughuli ianze. Mashali wa Harvard ana ofisi kamili, na nje ya siku ya mahafali yeye ndiye mwenye kuwapokea wageni wa heshima kutoka nchi za nje. Vyuo vya huko vilikubaliana mwaka 1895 juu ya kanuni moja ya majoho na rangi zake, na katika vyuo vingi mashali mkuu ni profesa wa siku nyingi ambaye wenzake wanamstahi. Hachaguliwi kwa sababu ya sauti yake kubwa.

Kwetu desturi hii iliingia kupitia London. Makerere, iliyoanza mwaka 1922, na chuo cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1956, vyote viliwahi kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 viwili hivyo na kile cha Dar es Salaam vikaungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chansela wake Julius Nyerere, mpaka mwaka 1970 kila nchi ilipochukua chake. Kila kimoja kikatafuta rungu lake na rangi zake, mwendo ukabaki ule ule. Hapa Kenya rais ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vyote vya umma kwa miaka mingi, hadi Mwai Kibaki alipowaachia wengine. Chuo Kikuu cha Nairobi kikampata Joe Wanjui mwaka 2003. Chansela akiwa rais, itifaki ya Ikulu hutawala uwanja, na mashali hubaki kuwa mfuasi wa maafisa wa usalama. Sasa uwanja umerudi mikononi mwa chuo. Ndiyo maana nasema kazi yako ina uzito kuliko ya waliokutangulia.

Na Mombasa tuna njia yetu ya kufika hapo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, wazee wakiijua kwa jina la MIOME, ufupisho wa jina lake la Kiingereza, Mombasa Institute of Muslim Education. Kikaitwa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na hati kamili ya kuwa chuo kikuu kikaipata Januari 2013. Babu aliyesomea ufundi pale chini ya jina moja anaweza leo kumshuhudia mjukuu akitunukiwa shahada chini ya jina jingine. Watu kama hao huja mahafalini, nao wanajua kutazama.

Wanajua kwa sababu Pwani ilikuwa na mambo haya kabla ya chuo chochote. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, baragumu kubwa iliyochongwa katika karne ya 17 na ambayo urefu wake wapita mita mbili, na siwa ya shaba ya Lamu, hazikuwa vyombo vya muziki wa kujiburudisha. Zilipulizwa katika arusi za wakubwa, jando la watoto wao na kutawazwa kwa mtawala, na mwenye shughuli alilazimika kuomba ruhusa. Wapate husimulia kisa cha Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme, aliyetaka kumtia mwanawe jandoni akanyimwa siwa. Alijua kwamba bila siwa shughuli ingekuwa shughuli ya mtu yeyote. Akaagiza fundi amchongee ya pembe za ndovu, kwa siri, na siku ilipofika ikapulizwa. Mwana yule angetahiriwa tu, siwa iwepo isiwepo. Kilichokuwa kikigombaniwa ni nani mwenye haki ya kufanya shughuli ikahesabika, na haki hiyo ilikaa ndani ya chombo, kikabebwa na mtu aliyepewa idhini ya kukibeba. Mwenzako akirudia tena maneno ya ubawabu, msimulie kisa hicho.

Haya, tuje kwenye siku yenyewe.

Mwendo kwanza. Usitembee kwa kasi yako. Kabla ya msafara kuanza, tafuta mzee kuliko wote katika mstari wako, mwangalie anavyotembea, na hiyo ndiyo kasi yenu. Mashali vijana hukimbilia mbele kwa wasiwasi, wakigeuka nyuma wanakuta mstari umekatika na profesa mwenye fimbo yuko hatua ishirini nyuma, peke yake, watu wakimtazama. Hiyo ni aibu aliyotwikwa mzee bila kosa. Wawili wawili, nafasi ya mkono mmoja kati ya safu na safu, na kila kona upunguze mwendo kabla ya kupinda, wala si baada ya kupinda.

Kifimbo kishike mkono wa kulia, kimesimama wima mbele ya bega. Usimwelekezee mtu hata siku moja. Anayetakiwa kusogea muonyeshe kwa kiganja kilicho wazi. Kubalianeni na mashali wenzako mapema: kikiinuliwa watu wanasimama, kikishuka wanaketi. Wimbo wa taifa ukianza, popote ulipo, simama tuli, kifimbo kikiwa kando ya paja. Na rungu likiwa limeshatua mbele ya chansela, usikatize kati ya rungu na kiti chake kwa sababu yoyote. Zunguka nyuma ya jukwaa hata kama ni mbali.

Mstari wa uzamivu, yaani wa shahada ya udaktari, ndio utakaokutoa jasho. Wahitimu wa shahada ya kwanza ni wengi, kwa hivyo kitivo kizima husimama, mkuu wa kitivo akawakabidhi kwa chansela, wakatunukiwa kwa pamoja. Kazi yako hapo ni wasimame pamoja na wakae pamoja. Lakini wa uzamivu huitwa kwa jina, mmoja mmoja, husomewa na kichwa cha utafiti wao, wakavishwa hudi, kile kitambaa cha rangi kinachoshuka mgongoni.

Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, nikiwa nimeketi upande wa seneti, mhitimu mmoja wa uzamivu alichelewa. Alikuwa amekwama Likoni, upande wa pili wa feri. Mashali wa mstari aliliona pengo, akawasogeza walio nyuma wakaliziba, lakini hakumwambia msomaji wa majina. Jina likasomwa. Aliyefuata, ambaye kwa kelele za uwanjani hakusikia vizuri, akapanda ngazi akidhani ni zamu yake, akavishwa hudi huku ukisomwa utafiti wa mtu mwingine. Akapanda wa pili, naye vivyo hivyo, na wa tatu. Mama wa mmoja wao alikuwa amesafiri kutoka Garsen. Jina la mwanawe likatajwa, akainuka na leso yake kupiga vigelegele, na jukwaani akamwona kijana asiyemjua akiinamishwa kichwa avishwe. Vigelegele vikamkatikia kooni. Naibu wa msajili akasimamisha shughuli, ikarudiwa tangu pale ilipoharibika, shahada zote zikawa halali, hakuna aliyepoteza kitu kwenye karatasi. Lakini nilimwona mama yule mara ya pili jina lilipotajwa. Alipiga makofi akiwa ameketi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila mhitimu wa uzamivu ashike kadi yenye jina lake na kichwa cha utafiti wake. Wewe simama chini ya ngazi, soma kadi kwa macho yako, muulize jina lake alitamke mwenyewe, kisha mruhusu apande. Juu, kadi akabidhiwe msomaji, na msomaji asome kilicho kwenye kadi, asisome orodha. Aliyekosekana hatakuwa na kadi ya kusomwa, na mstari hauwezi kuteleza. Kumsikia akitamka jina lake kuna faida nyingine pia. Msomaji aliyetoka bara ataparuza majina ya Kidigo, ya Kibajuni na ya Kiarabu asipoambiwa. Andika kwa penseli juu ya kadi namna linavyotamkwa. Mtu amesoma miaka mitano, jina lake litajwe sawasawa.

Hapo hapo chini ya ngazi, uliza pia kuhusu kushikana mikono. Wako dada zetu, na ndugu zetu wanaume pia, wasioshikana mkono na asiye maharimu wao. Ukijua mapema, utampelekea ujumbe naibu chansela, na mhitimu ataweka mkono kifuani, naye atajibiwa vivyo hivyo, na hakuna mkono utakaobaki umenyooka hewani mbele ya kamera. Kadhalika kofia ya mraba juu ya mtandio haikai bila pini. Beba pini mfukoni, nyingi. Mahafali ya mwisho wa mwaka huangukia kaskazi, na upepo wa kaskazi uwanjani hauogopi cheo; nimeona kofia ya mjumbe wa baraza ikibingirika hadi kwa bendi.

Joto nalo ulichukulie kwa uzito. Joho lilibuniwa kwa ajili ya kumbi baridi za mawe, na sisi tunalivaa kwenye hema saa tano ya mchana. Wapange wazee na wajawazito mwanzo wa safu, karibu na njia ya kutokea, hata kama alfabeti inasema vingine, na mwenye kusimamia maji awe anakuona. Sidhani kama kuna itifaki yoyote duniani inayostahili kumwangusha mtu. Swala ya adhuhuri nayo iangalie katika ratiba kabla ya siku. Ukiona hotuba zitapita wakati, mwambie mashali mkuu wiki nzima mapema, maana hotuba hufupishwa ofisini. Uwanjani hakuna wa kuifupisha.

Kuhusu vigelegele, wako wakuu wanaotaka vikomeshwe kwa maana vinavunja hadhi. Mimi sikubaliani nao. Wazazi hawa ndio waliouza nazi na mbuzi. Mkubaliane na msomaji asubiri sauti ishuke ndipo asome jina linalofuata, basi. Utulivu unaotakiwa ni wa wale walio kwenye msafara, na huo upo mikononi mwako. Ukisimama wima bila kupapatika, simu ikiwa imezimwa, safu nzima nyuma yako itakuiga bila kuambiwa.

Kutoka ndiko wengi wanakoharibu, kwa sababu kila mtu anahisi kazi imekwisha. Haijaisha. Rungu hunyanyuliwa, chansela hufuata, kisha baraza, seneti na wahadhiri, na wahitimu hubaki wamesimama mahali pao mpaka mkia wa msafara upite. Jamaa wataruka kamba kuja kupiga picha. Wazuie kwa heshima, kwa maneno ya nyumbani: mama, subiri kidogo, wanakuja. Watakuelewa ukiwaambia hivyo kuliko ukiwapigia filimbi.

Na ukishafika kwenye chumba cha kuvulia majoho, usikimbilie picha. Chukua orodha yako, weka alama kwa kila asiyefika na kila aliyechelewa akatunukiwa mwishoni, tia sahihi, na uipeleke kwa msajili kwa mkono wako mwenyewe siku hiyo hiyo. Kesho yake kutakuwa na mtu dirishani anayeuliza kama jina lake lilisomwa, na karani atahitaji pa kuangalia.